Usisomewe barua yako: imeili kwenye kompyuta kwa sisi tusioona

Haya ndo niliyoongea hapa Mwanza kwenye mkutano wetu wa wasioona na wenye uoni hafifu, walikuwepo pia walimu, wazazi na waajiri wachache. Watu wengi waliomba niyaandike maana vitufe vya kibodi ukivisikia mara moja vinapotea kichwani. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, na maswali ya watu nimeyaweka palepale yalipoulizwa.

Mwadila wazee wangu, mwadila akina mama, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua kuna waliotoka Sengerema na kuna waliovuka maji kutoka Ukerewe, na jua lenyewe mnalisikia.

Naomba nianze na steshenari. Hapa mjini, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, mtu akitaka kutuma maombi ya kazi au kuangalia kama ameitwa intaviu au kufungua barua ya chuo anaenda steshenari. Anayeona anaenda, na sisi tunaenda, ila yeye akifika pale anakaa kwenye mashine anaandika mwenyewe, sisi tunamtajia dogo wa steshenari pasiwedi yetu kwa sauti, foleni nzima inasikia, alafu tunasimama tunasubiri atusomee. Na anasoma anavyotaka yeye. Barua ya ukurasa mzima anakwambia "wamesema usubiri". Nisubiri mpaka lini, kwa sababu gani, kasaini nani? Hajui, keshageukia mteja wa fotokopi. Barua ya majibu ya hospitali inasomwa hivyohivyo, ya benki yenye salio hivyohivyo, ya mchumba wako aliyeko Dodoma hivyohivyo, na hiyo ya mchumba ndo anaisoma yote bila kuruka neno!

(Hapo watu walicheka, mama mmoja nyuma akasema "na anairudia".)

Mi nasema basi. Barua yenye jina lako wa kwanza kuisoma uwe wewe. Na njia nyepesi kuliko zote nilizowahi kutumia kwa mtu asiyeona ni programu ya imeili inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, tofauti na ile ya kufungua kwenye brauza, na tofauti na ya simu japo simu nitaigusa kidogo. Nimekuja kuwashawishi hilo tu.

Kwa wazazi ambao hamjawahi kusikia hiki kitu: kisoma skrini ni programu inayosema kwa sauti kilichopo kwenye kioo cha kompyuta. Ukishuka mstari inasoma mstari, ukiandika herufi inaitaja, ukifika kwenye kitufe inakwambia hiki ni kitufe. Mausi hatuna kazi nayo, kila kitu ni kibodi. Zipo za aina kadhaa. JAWS ni ya siku nyingi, ilianza 1989 enzi za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa zamani, aliyeianzisha ni Mmarekani Ted Henter, alikuwa mtu wa mbio za pikipiki akapata ajali 1978 akapoteza macho. Programu nzuri lakini inauzwa, na kwa bei yake mtu wa hapa ananunua laptopu yuzidi na chenji inabaki. NVDA ni ya bure. Aliianza Michael Curran kule Australia mwaka 2006, kijana asiyeona aliyeona sio haki mtu asiyeona alipe hela nyingi juu ya hela ya kompyuta wakati mwenzake anayeona halipi kitu kutazama kioo, akaungana na rafiki yake James Teh, naye haoni. Kwaiyo hiki chombo kimetengenezwa na watu wa hali yetu, ndo maana nakipenda, sifichi. Windows yenyewe inakuja na Narrator, Mac wana VoiceOver, Linux wana Orca. Leo nitaongelea NVDA kwenye Windows kwa sababu laptopu nyingi mlizoleta hapa ni Windows.

Na programu ya imeili nitakayoongelea ni Thunderbird, ya watu wa Mozilla, walewale wa Firefox. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Nayo ya bure. Yani gharama yako ni bando tu.

Sasa kwanini nakataa brauza. Ukifungua imeili kwenye brauza unafungua ukurasa wa wavuti, na ukurasa wa wavuti una mambo mengi, kuna menyu pembeni, vitufe juu, tangazo, sijui chati, na wenye ukurasa wanaupanga upya wakijisikia, leo kitufe cha kutuma kiko hapa kesho kimehamishwa, anayeona anakitafuta kwa jicho sekunde mbili, wewe unazunguka na Tab nusu saa. Alafu kuna ugomvi wa vitufe, NVDA anazo herufi zake za kutembelea ukurasa na ile imeili ya brauza nayo ina herufi zake, unabonyeza moja hujui nani kaipokea. Kwenye Thunderbird orodha ya barua ni orodha kweli. Mshale chini, barua moja. Mshale chini, nyingine. Ukikaa wiki mbili vidole vinajua njia, na kesho ukiifungua njia ni ileile.

Ukishaifungua kuna sehemu tatu: folda, orodha ya barua, na barua yenyewe. Kitufe cha F6 kinakuhamisha kutoka sehemu moja kwenda nyingine, Shifti na F6 kinakurudisha. Hicho ndo kitufe cha kwanza kujua na wengi hawaambiwi, wanapiga Tab mpaka wanachoka. Mimi ile sehemu ya tatu naifunga kwa F8, sitaki barua ifunguke chini ya orodha nikachanganyikiwa, nimeiweka kwenye mipangilio kwamba kila barua ifunguke kwenye dirisha lake. Nikiwa kwenye orodha napiga Enta, inafunguka, nasoma, Kontroli na W inafunga, najikuta kwenye mstari uleule nilioacha. Wengine wanapenda ifunguke kwenye tabo jipya, sawa, hiyo ni ladha ya mtu.

Mzee mmoja hapo mbele akauliza: "Sasa mwanangu, nikipotea humo ndani ntajuaje niko wapi?"

Swali zuri sana mzee wangu. NVDA ana kitufe chake, kawaida ni Insert, na kwenye laptopu ndogo unaweza kumwambia atumie CapsLock. Ukishika Insert ukapiga Tab anakutajia ulipo. Insert na T anakutajia jina la dirisha. Ukiona anaongea sana, Kontroli peke yake anyamaze. Na kwa anayeanza kabisa, Insert na namba 1 ya juu, hapo kibodi inakuwa ya mazoezi, kila kitufe unachobonyeza anakitaja jina na hakifanyi kitu, huharibu chochote, ukimaliza unapiga tena Insert na 1. Mzee, kaa hapo hata siku tatu, hamna anayekukimbiza.

Twende kwenye orodha maana ndo penye utamu na ndo watu wanapokatia tamaa. NVDA anasoma kila mstari wa orodha kwa safu, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Kama safu ya kwanza ni nyota, ya pili ni alama ya kiambatanisho, ya tatu sijui ni nini, basi kwa kila barua unasikiliza takataka kwanza ndo ufike kwenye jina la mtu. Barua mia moja ni takataka mia moja. Dawa yake ni kuchagua muonekano wa jedwali badala ya ule wa kadi, maana matoleo ya kuanzia 2023 yanapenda kadi, alafu unazitoa safu usizohitaji na unazipanga zilizobaki. Yangu mimi ni aliyetuma, kichwa cha barua, tarehe, basi. Nasikia jina nikilijua naendelea kusikiliza, nisipolijua naruka kabla hajamaliza. Hamna kitu kilichonipunguzia muda kuliko hicho, kuliko hata kuongeza spidi ya sauti.

Jambo lingine la hapohapo ni barua zilizofungwa pamoja. Thunderbird inakusanya barua na majibu yake chini ya ile ya kwanza. Unasikia barua moja kumbe chini yake zipo sita na jibu unalolisubiri liko humo. Mshale wa kulia unafungua kifungu, wa kushoto unakifunga, na NVDA anasema kama kimefungwa au kimefunguliwa, ila anasema mwishoni na wewe ushahamia mstari mwingine. Mimi nimezima huo mkusanyiko kabisa, kila barua na mstari wake, mpya juu.

Na sasa herufi moja moja, hapa naomba utulivu. Ukiwa kwenye orodha, herufi moja bila Kontroli wala nini ni amri kamili. N inakupeleka kwenye barua inayofuata ambayo hujaisoma, hiyo ni raha, asubuhi napiga N, N, N na chai yangu. F ni inayofuata, B ni ya nyuma. M inaigeuza barua kuwa imesomwa au haijasomwa. S inaipa nyota. Lakini J inaipiga muhuri kwamba ni taka, na A inaiondoa kwenye inboksi kuipeleka folda ya kumbukumbu, na hamna anayekuuliza una uhakika. Sasa ukiingia ndani ya barua yenyewe, NVDA anazichukua herufi hizohizo anazitumia kwa kazi zake, H kichwa cha habari, K linki, G picha, T jedwali, na B ileile iliyokuwa ya kurudi nyuma sasa inatafuta vitufe. Kwaiyo kabla hujapiga herufi jua uko wapi, na NVDA anatoa mlio mdogo kila akibadilisha hali, milio miwili tofauti, ule mlio wengine wanaudharau wanasema ni kelele, usiudharau. Na ikitokea barua imepotea, usimwite mtu, piga Kontroli na Z hapohapo. Kama umechelewa nenda folda ya kumbukumbu, A haifuti kitu. Delete inapeleka kwenye pipa na pipani unaweza kuitoa, ila Shifti na Delete hiyo imekwenda moja kwa moja, hamna pa kuifuata.

Dada mmoja akasema yeye NVDA yake inasoma barua za Kiswahili "kwa Kizungu", haelewi kitu.

Ndio dada, hilo ni tatizo la wengi na dawa ipo ndani ya NVDA yenyewe. Anakuja na sauti inaitwa eSpeak NG na humo Kiswahili kipo. Sio sauti tamu, hilo niwaambie mapema, imekauka, haina pumzi, na ukiiongeza spidi inakuwa kama konda wa Buhongwa anayejaza gari la mwisho, lakini inatamka "Nyamagana" na "Ng'wanza" ukaelewa, na sikio linazoea haraka kuliko unavyodhani. Tatizo ni kwamba NVDA anaweza kubadili lugha mwenyewe pale tu maandishi yamewekewa alama ya lugha, na barua nyingi tunazotumiana hazina alama hiyo, kwaiyo anazisoma kwa sauti uliyomchagulia. Mimi nimefanya hivi: Insert, Kontroli na P inafungua mahali pa kutengeneza wasifu wa mipangilio, nikatengeneza mmoja wa Thunderbird peke yake wenye sauti ya Kiswahili. Nikiingia kwenye imeili anaongea Kiswahili, nikirudi kwenye brauza anarudi Kiingereza, mwenyewe bila kuambiwa. Barua ya Kiingereza ikija humohumo nabadilisha kwa mkono, Insert na Kontroli na mishale, kulia kushoto kuchagua unachotaka kubadili, juu chini kukibadili. Waliosoma shule ya Mitindo pale Misungwi wanaosaidia wadogo zao wa darasani nawaomba muanze na hili, mtoto akisikia lugha yake kwenye kompyuta mara ya kwanza anabaki, akisikia mikoromo anakimbia.

Kusoma barua: ukishaifungua, Insert na mshale wa chini inasoma yote mfululizo, na kwa mpangilio wa laptopu ni Insert na A. Barua za watu wa kawaida hazina shida. Barua za makampuni ndo balaa, kila kitu kimefungwa kwenye majedwali na mapicha, unasikia "picha, linki, picha, linki" dakika nzima kumbe ujumbe ni mistari miwili. Nenda kwenye menyu kwa Alti na V, shuka mpaka pale pa kuchagua mwili wa barua uonekaneje, chagua maandishi matupu. Manyoya yote yanang'oka. Mara chache utahitaji kurudisha, mfano barua yenye jedwali la mishahara, lakini kwa siku za kawaida mimi iko hivyo mwaka mzima.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu, humo ndani ya barua Kontroli na alama ya kujumlisha inakuza maandishi, na hamna sheria inayosema ukitumia macho usitumie masikio. Wapo wanaosoma kichwa cha barua kwa macho na mwili wake kwa NVDA, jicho linapumzika, jioni kichwa hakiumi.

Kuandika. Kontroli na N, dirisha jipya, uko kwenye sehemu ya anwani. Unaanza kuandika jina, kama ulishaandikiana naye inajimalizia, Enta. Tab mpaka kichwa cha barua, Tab tena unaingia kwenye mwili, unaandika. Kiambatanisho ni Kontroli, Shifti na A. Kutuma ni Kontroli na Enta. Kujibu ni Kontroli na R, kujibu wote ni Kontroli, Shifti na R, na hapo tafadhali sikiliza nani na nani wako kwenye anwani kabla hujamsema bosi. Kumpelekea mtu mwingine ni Kontroli na L. Walioajiriwa kwenye ofisi zenye Outlook, ile programu ya imeili ya Microsoft, kujibu ni vilevile ila kupeleka kwa mwingine kwenye Outlook ile ya kawaida ni Kontroli na F, na ukiipiga hiyo kwenye Thunderbird inafungua kutafuta neno, usishtuke.

Vitu viwili vya mipangilio hapa. Thunderbird inapojibu, kawaida yake inaweka maneno ya mwenzako juu na kishale chako chini yake. Bosi wa hapa kwetu akifungua anakutana na maneno yake mwenyewe, anaona hujajibu, anafunga, anakupigia simu anafoka. Badilisha kwenye mipangilio ya akaunti jibu lako likae juu. Cha pili, kuna kikumbusho cha kiambatanisho, ukiandika neno la Kiingereza la kiambatanisho alafu ukasahau kuweka faili inakuzuia kabla haijatuma. Haijui Kiswahili, lakini orodha ya maneno yake inakubali kuongezewa. Ongeza "nimeambatanisha", "kiambatanisho", "CV yangu". Anayeona kwa kawaida anatupia jicho anaona faili haipo, sisi hatuna hiyo bahati, hiki kikumbusho kwetu ni cha lazima.

Kijana mmoja akauliza kuhusu bando, akasema simu yake inatosha, laptopu inakula data.

Simu ni nzuri, TalkBack, kile kisoma skrini cha simu za Android, imetusaidia wengi na sikatai. Kusoma barua fupi ukiwa kwenye daladala, simu. Lakini barua ya maombi ya ukurasa mzima yenye viambatanisho vitatu, kwa kioo cha kugusa, kwa kidole, mi siiwezi na anayeiweza nampa heshima yake. Kuhusu bando una haki ya kuogopa. Siku ya kwanza unapoiunganisha akaunti, Thunderbird inataka kushusha barua zote za miaka yote, GB inaondoka unasikia hivi. Kabla hujaiacha, ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya usawazishaji na uhifadhi, iambie ishushe barua za siku 30 za mwisho, na barua kubwa kuliko kiasi fulani isishushe mpaka useme. Baada ya hapo bando linalotumika ni dogo, maana inashusha maandishi, haishushi ukurasa mzima na mapambo yake kila ukifungua.

Na faida yake ni hii: barua zikishashuka ziko kwako. Umeme umekatika, charji ipo, mtandao hamna, unasoma. Uko kwenye meli ya Nansio, ya kwenda Ukerewe, katikati ya maji mtandao unakuja unaondoka, unasoma na unaandika, ukimaliza badala ya Kontroli na Enta unapiga Kontroli, Shifti na Enta, barua inakaa kwenye foleni ya kutoka, ukifika nchi kavu ukapata mtandao unaziambia ziende zote. Kwenye brauza hapo ungekuwa unasikiliza injini ya meli tu.

Usalama nisiupite. Wenye Gmail, tangu 2022 Google haikubali programu hizi ziingie kwa pasiwedi tupu, inafungua kidirisha chao cha kuingilia, unaweka pasiwedi hapo, wanaweza kukutumia namba kwenye simu, basi, ni mara moja. Hapo kama unahitaji mtu akae karibu akae, ila pasiwedi uiandike kwa vidole vyako. Na wale ambao pasiwedi yenu anaijua dogo wa steshenari, ibadilisheni kwanza, leo, kabla hamjaunganisha kitu.

Kuhusu matapeli, wale wa "umechaguliwa kazi, tuma elfu thelathini ya fomu", sisi tuna silaha ambayo anayeona hana. Jina la aliyetuma linaweza kuandikwa chochote, cha kuangalia ni anwani yenyewe. Ukiifikia anwani, shika Insert piga Tab mara mbili harakaharaka, anakutajia herufi moja moja. Tapeli ameweka sifuri mahali pa herufi O, jicho linapita linaona sawa, sikio linasikia "sifuri" wazi kabisa. Nimeshawasaidia wanaoona wawili watatu kwa hiyo, wakanishangaa.

Namalizia na waajiri, na walimu wakuu mliopo, nitasema kwa adabu lakini nitasema. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20, asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Wengine mnatuajiri, asanteni. Alafu mnatukalisha mapokezi kwenye simu miaka kumi, kwenye orodha ya imeili ya ofisi hatumo, tangazo la mafunzo linapita, la likizo linapita, la kupandishwa daraja linapita, tunaambiwa na mhudumu wa chai. Tuingizeni kwenye imeili. Kama mtu wenu wa IT anasema programu yetu inahatarisha mfumo, mwiteni akae na mmoja wetu saa moja.

Na la pili kwenu: acheni kututumia picha. Mnaandika barua kwenye kompyuta, mnaiprinti, mnaigonga muhuri, mnaiskani, mnaituma. NVDA akifika pale hasikii maandishi, anakuta karatasi tupu. Kuna njia ya kumlazimisha, Insert na R kwenye Windows 10 na kuendelea, anajaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini muhuri ukikaa juu ya tarehe, tarehe imekwenda, na tarehe ndo ya intaviu. Tumeni muhuri wenu, sikatai, ila na lile faili la maandishi mliloprinti mliweke pembeni yake kwenye barua ileile. Hamlipi kitu. Na andikeni kichwa cha barua, mtu anakutumia barua haina kichwa, kwenye orodha nasikia jina lake na tarehe tu, sasa nijue ni msiba au ni kikao?

Mama wa pale nyuma akauliza kama lazima awe na intaneti kuweka hizi programu.

Kushusha ndo unahitaji intaneti mama, kuweka hapana. Nimekuja na flashi, NVDA imo na Thunderbird imo. Kuna na NVDA ile ya kubebeka, hiyo haiwekwi kwenye mashine, inakaa kwenye flashi yako, unachomeka kwenye kompyuta ya steshenari au ya ofisi inaongea palepale, ukichomoa umeondoka nayo, ila kwenye zile sehemu Windows inapoomba ruhusa ya mwenye mashine inakaa kimya, hilo ulijue. Wenye laptopu zenu ziwasheni sasa hivi, masikioni wekeni earphone tusigombane na sauti, tunaanza na mstari wa nyuma, wale wa Ukerewe kwanza maana meli haiwasubiri.